Majanga Yanapopokezana: Jinsi ya Kupima na Kupunguza Hatari Zilizoungana katika Eneo

Tarehe 14 Agosti 2021 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilibomoa maelfu ya nyumba kusini-magharibi mwa Haiti. Siku mbili baadaye dhoruba Grace ikawanyeshea watu wale wale, wengi wao wakilala nje kwa kukosa nyumba au kwa kuogopa kuta zilizopasuka. Ukiwa na ramani ya matetemeko peke yake, dhoruba huioni. Ukiwa na ramani ya dhoruba peke yake, unadhani watu wana paa. Hatari yenyewe ilikaa katikati, pale majanga mawili yalipokutana, na hapo ndipo tathmini nyingi hazifiki.

Mwongozo huu ni wa kamati za maafa, wapangaji wa makazi, wahandisi na viongozi wa eneo. Kabla ya kuanza, kubalianeni juu ya maneno. Tishio ni tukio la asili linaloweza kudhuru: mafuriko, tetemeko, kimbunga, jivu la volkano. Vilivyo njiani ni watu, majengo, barabara na mashamba yaliyo mahali tishio linapopita. Udhaifu ni kiasi ambacho vitu hivyo vitaumia vikipigwa. Hatari huzaliwa na vyote vitatu kwa pamoja. Kimoja kikiondoka, hatari haipo. Tukio la kwanza likishapita, udhaifu haubaki pale ulipokuwa, na karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Chora mpaka kwa kufuata maji na miteremko

Mpaka wa wilaya au mkoa ni rahisi kupata, lakini tishio haliufuati. Anza na bonde zima la mto, kuanzia chanzo hadi unapoishia, kisha ongeza milima inayoweza kuporomoka ndani yake, volkano ambayo jivu lake linaweza kupeperushwa hadi hapo, na ufukwe kama upo. Ongeza pia njia za kuingilia na kutokea: daraja lililo kilomita 40 nje ya eneo lenu, kama ndilo pekee linalopitisha dawa na mafuta, ni sehemu ya eneo lenu.

Amueni pia mnapima kwa muda gani. Miaka 30 hadi 50 inafaa kwa nyumba na barabara. Kwa hospitali na mabwawa nendeni mbali zaidi.

Hatua ya 2: Andika historia, na uulize nini kilitangulia

Tengenezeni daftari moja la matukio. Kila mstari uwe na tarehe, mahali hasa, kipimo (urefu wa maji ukutani, unene wa matope, kasi ya upepo), muda tukio lilipodumu, waliokufa na vilivyoharibika. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote: nini kilitokea hapo ndani ya miezi 12 iliyotangulia? Ukame? Moto? Tetemeko? Ukataji wa miti kwa ajili ya barabara? Mkijaza safu hiyo kwa uaminifu, mahusiano yataanza kujitokeza kabla hata ya hesabu.

Tafuteni taarifa katika rekodi za hali ya hewa, magazeti ya zamani, kumbukumbu za nyumba za ibada, picha za setelaiti, alama za maji kwenye kuta, na kwa wazee. Wazee waulizeni mahali na mlolongo wa mambo kuliko mwaka. Mwaka husahaulika, lakini mtu hasahau maji yalifika kwenye mti upi.

Rekodi za miaka 50 zinatosha kwa mafuriko ya kawaida. Kwa matetemeko makubwa na volkano hazitoshi kabisa, kwa sababu tukio la kila miaka 200 linaweza lisionekane hata mara moja. Hapo mnahitaji mtaalamu wa miamba asome ardhi yenyewe: tabaka za matope ya zamani kwenye kingo zilizochimbwa, mawe makubwa yaliyotawanyika mdomoni mwa korongo. Mji wa Armero nchini Kolombia ulijengwa juu ya matope ya volkano Nevado del Ruiz yaliyoshuka mwaka 1845. Tarehe 13 Novemba 1985 mlipuko mdogo uliyeyusha sehemu ya barafu ya kilele, matope yakafuata mabonde yale yale, na watu wapatao 23,000 wakafa. Ramani ya hatari ilikuwa tayari imechorwa wiki chache kabla.

Hatua ya 3: Jazeni jedwali la mahusiano

Chukueni karatasi kubwa. Andikeni matishio yote ya eneo upande wa kushoto kwenda chini, kisha matishio yale yale juu kwenda kulia. Kila kisanduku kinauliza: la kushoto likitokea, linalifanya nini la juu? Jibuni kwa herufi.

Z, linazua: tetemeko linaangusha mlima, au linainua bahari.

A, linaandaa: halizui papo hapo, ila linaacha ardhi tayari. Moto wa msituni huteketeza mizizi na majani yanayoshika udongo, na mara nyingi huacha chini ya uso safu yenye nta inayozuia maji kupenya. Mvua ikinyesha, maji yote hukimbia juu yakibeba udongo na mawe. Huko Montecito, California, moto ulipita Desemba 2017. Tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ya dakika chache iliteremsha matope yaliyoua watu 23.

P, yanakuja pamoja kwa sababu moja: kimbunga huleta upepo, mvua na bahari iliyosukumwa nchi kavu, vyote usiku mmoja.

D, linadhoofisha: halibadilishi tishio la pili hata kidogo, ila linawaacha watu bila kinga. Haiti ndiyo mfano.

Jazeni kwanza kila mtu peke yake, mtaalamu wa maji, wa miamba, wa hali ya hewa, daktari, mwakilishi wa wakazi, kisha kaeni pamoja mlinganishe. Visanduku ambavyo hamkubaliani ndivyo vyenye thamani. Mkijaza kwa pamoja tangu mwanzo, anayezungumza kwa sauti kubwa ndiye atakayejaza.

Kosa la kawaida hapa ni kuishia Z na kusahau D, kwa kuwa Z ni sayansi ya dunia na D inaonekana kama suala la ustawi wa jamii. Kwa idadi ya watu wanaoumia, D haipaswi kuachwa nyuma. Baada ya matetemeko ya tarehe 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki, mafuriko ya katikati ya Machi yaliua watu Şanlıurfa na Adıyaman, wakiwemo manusura waliokuwa kwenye makazi ya muda.

Hatua ya 4: Chagueni minyororo mitatu hadi mitano, muipe saa

Jedwali la matishio 10 lina visanduku 90, ukiacha vile ambavyo tishio linakutana na lenyewe, na hamwezi kuchambua vyote. Chagueni minyororo michache ya majanga yanayofuatana, ambayo ama inawezekana sana, ama madhara yake hayavumiliki, kisha iandikeni kwa saa na siku. Muda ndio unaosema kama kuna nafasi ya kuokoa mtu.

Tuutazame mnyororo mmoja kwa karibu: tetemeko, mlima unaporomoka, kifusi kinaziba mto, ziwa linajaa, kifusi kinavunjika. Baada ya tetemeko la Wenchuan nchini China, Mei 2008, ziwa la Tangjiashan lilizaliwa hivyo hivyo, na wahandisi walilazimika kuchimba mfereji juu ya kifusi ili kuyapunguza maji kabla hayajafurika yenyewe. Mabwawa ya aina hii mengi huvunjika ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ndani ya siku au wiki chache, hasa maji yanapoanza kupita juu na kula kifusi.

Dalili ya kwanza kwa walio chini ni mto kupungua ghafla bila sababu. Wafundisheni wakazi kwamba mto uliokauka baada ya tetemeko ni amri ya kutoka bondeni; mtu asishuke kuokota samaki.

Hesabu ya muda ni rahisi. Kadirieni ujazo wa ziwa hadi pale ukingo wa juu wa kifusi ulipo chini zaidi, ambapo maji yataanza kumwagika, mgawanye kwa maji yanayoingia. Tuseme ujazo ni mita za ujazo milioni 3 na mto unaingiza mita za ujazo 5 kwa sekunde. Hiyo ni 18,000 kwa saa, 432,000 kwa siku; ziwa litajaa baada ya siku 7 hivi. Sasa mvua ikinyesha na mto ukafika mita za ujazo 20 kwa sekunde, siku 7 zinakuwa chini ya siku 2. Mpango wa kuhamisha watu uliojengwa juu ya siku 7 unavunjika kabla ya kifusi. Kwa hiyo fanyeni hesabu mbili kila mara, ya kiangazi na ya masika. Wekeni pia mtu wa kutazama maji yanayovuja upande wa chini wa kifusi: yakiwa safi si dharura bado, yakianza kuwa na tope, kifusi kinaliwa kwa ndani.

Kwa minyororo mingine maelezo yanaweza kuwa mafupi zaidi. Jivu na mvua: sentimita 10 za jivu kavu la volkano huweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya mraba ya paa, na likilowa uzito huo huweza kufika mara mbili. Volkano Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka tarehe 15 Juni 1991, kimbunga Yunya kilikuwa kinapita siku hiyo hiyo. Vifo vingi vya siku hiyo vilitokana na mapaa yaliyoelemewa na jivu lililolowa. Jivu lifagiliwe mapema, likiwa kavu, kutoka pande zote za paa kwa usawa.

Hatua ya 5: Ramani ya vilivyo njiani, mchana na usiku

Wekeni juu ya ramani moja nyumba, shule, zahanati, visima, nguzo za umeme, minara ya simu, barabara na maghala. Hesabuni watu mara mbili, saa nane mchana na saa nane usiku, kwa sababu bonde la viwanda huwa tupu usiku na mtaa wa makazi huwa umelala.

Kisha tafuteni fundo: mahali pamoja panapobeba mambo mengi. Daraja moja likibeba barabara, bomba la maji, waya wa umeme na nyaya za mawasiliano, kuanguka kwake kunakata vyote vinne kwa dakika moja. Kwa kila huduma muhimu ulizeni, ikikatika huku, kuna njia ya pili? Na hiyo njia ya pili inapigwa na tishio lile lile? Kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011, tetemeko lilikata umeme wa nje, jenereta za akiba zikawaka kama zilivyopangwa, na chini ya saa moja baadaye tsunami ikazizamisha nyingi kati yake, maana zilikuwa chini, ndani ya vyumba vya ardhini. Ukuta ulikuwa umepangwa kwa wimbi la mita 6 hivi. Lililokuja lilizidi mara mbili. Akiba inayokufa kwa tishio lile lile si akiba.

Hatua ya 6: Hesabu, na mahali hesabu zinapodanganya

Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 si yale yanayokuja mara moja kila miaka 100. Yana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Ndani ya miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26. Waelezeni viongozi kwa namna hiyo ya pili, maana miaka 30 huweza kuwa umri wa mkopo wa nyumba.

Kuunganisha ndiko kunakoharibiwa zaidi. Tuseme mto kufurika sana ni asilimia 1 kwa mwaka, na bahari kupanda sana ni asilimia 1. Mtu huzidisha, anapata moja kwa 10,000, anafunga faili. Lakini kuzidisha hivyo kunafaa tu kama mambo hayo mawili hayahusiani. Kama yote huletwa na kimbunga, ulizeni: bahari ikiwa imepanda, mto huwa umejaa mara ngapi? Ikiwa ni mara 3 kati ya 10, jibu ni 0.01 mara 0.3, yaani 0.003, mara moja kila miaka 330 hivi. Hatari ni kubwa mara 30 kuliko faili lilivyosema.

Upande wa D kosa ni jingine. Watu hutafuta uwezekano wa tetemeko kubwa pamoja na mafuriko makubwa. Baada ya tetemeko huhitaji mafuriko makubwa. Mvua ya msimu, ile ya kila mwaka isiyomdhuru mtu, inatosha kuangusha mteremko uliopasuka na kulowesha maelfu walio kwenye mahema, na uwezekano wake ndani ya miezi 12 ni karibu hakika.

Epukeni pia kujumlisha alama za 1 hadi 5 za kila tishio kana kwamba ni kipimo kimoja. Alama 4 ya ukame na alama 4 ya tetemeko hazilingani. Pimeni kwa kitu cha kweli: vifo vinavyotarajiwa kwa mwaka, nyumba zinazopotea, siku ambazo hospitali haifanyi kazi. Kama takwimu ni chache, andikeni makadirio ya chini na ya juu badala ya namba moja inayojifanya sahihi.

Hatua ya 7: Kila kinga ipitishwe mbele ya kila tishio

Chukueni jedwali jipya: kinga mnazopendekeza upande mmoja, matishio upande wa pili. Wekeni jumlisha kinga ikisaidia, sifuri isipobadilisha kitu, au toa ikidhuru. Kinga yenye toa kwenye tishio kubwa irudi mezani.

Paa zito la vigae vilivyolalia udongo hustahimili upepo wa kimbunga. Katika tetemeko la mji wa Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995, mapaa ya namna hiyo yalichangia kuangusha nyumba za mbao zilizokuwa na kuta dhaifu. Paa jepesi la mabati ni salama zaidi tetemekoni, lakini upepo hulinyanyua lisipofungwa vizuri. Suluhisho linalofaa pande zote mbili ni kufunga mnyororo wa nguvu usiokatika: bati lishikwe na papi (mbao zinazobeba bati), papi na kenchi (fremu za paa), kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma kwenye mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya kuta, na mkanda huo uunganishwe kwa nondo na nguzo zinazoshuka hadi msingini. Upepo unavuta juu, tetemeko linasukuma pembeni, na nguvu zote mbili zinafika ardhini. Kiungo kimoja kikikosekana, mara nyingi kile cha kenchi na mkanda kwa kuwa fundi ametumia msumari mmoja tu, vilivyobaki havina kazi.

Nyumba juu ya nguzo hukwepa mafuriko, lakini ikiachwa wazi chini bila vizuizi vya mshazari nguzo hukunjika tetemekoni. Miti husaidia maporomoko ya juu juu, yale ya kina cha mita moja au mbili ambako mizizi inafika. Kwa maporomoko ya kina haisaidii, na kwenye maeneo ya moto inaongeza kuni, basi acheni nafasi kati ya fungu moja la miti na jingine. Bwawa la ukame hutaka kujaa, bwawa la mafuriko hutaka kuwa tupu. Kama ni bwawa moja, kanuni ya msimu iandikwe na isainiwe kabla ya mvua, si wakati lango linatakiwa kufunguliwa.

Umwagiliaji nao hupimwa. Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilifanya ardhi igeuke uji na kutiririka pamoja na mitaa mizima, kwenye miteremko iliyoonekana kama tambarare. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfereji mkubwa wa umwagiliaji ulikuwa umepandisha maji ya chini ya ardhi kwa miaka mingi. Kwa hiyo pimeni kina cha maji visimani. Mchanga uliolegea wenye maji karibu na uso, kwenye eneo la matetemeko, usijengewe bila uchunguzi wa udongo.

Zitangulizeni kinga zisizo na toa popote: kuacha kingo za mito na midomo ya makorongo bila makazi, njia ya pili ya kutokea, hospitali inayojitegemea kwa maji na umeme kwa siku tatu au zaidi, na tahadhari inayomfikia kila mtu. Nyingi kati yake hazina utepe wa kukatwa, na ndiyo maana zinahitaji mtu wa kuzitetea kwenye vikao vya bajeti.

Hatua ya 8: Viwango vya tahadhari vishuke baada ya pigo la kwanza

Mteremko uliotikiswa au kuungua huporomoka kwa mvua ndogo kuliko awali. Japani hushusha viwango vya mvua vya kutoa tahadhari ya maporomoko katika maeneo yaliyotikiswa sana, mara nyingi hadi asilimia 80 au 70 ya kawaida au pungufu, kisha huvirudisha polepole. Andikeni kanuni yenu mapema: nani anashusha, kwa kiasi gani, kwa misimu mingapi. Kwenye maeneo yaliyoungua pimeni mvua ya dakika 15, kwa sababu jumla ya siku nzima huficha ule mmiminiko mfupi unaoteremsha matope.

Mahali pa kukimbilia papimwe kwa mnyororo wote. Shule iliyo juu ni salama kwa mafuriko, lakini kama imekaa chini ya mteremko mkali na tetemeko ndilo lililoanza, mnapeleka watu kwenye pigo la pili. Goma, Mei 2021, volkano Nyiragongo ililipuka tarehe 22. Matetemeko yakaendelea kwa siku kadhaa, magma ikahofiwa kuwa chini ya mji, na Ziwa Kivu lenye gesi nyingi liko kando. Tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Uamuzi wa aina hiyo unahitaji njia mbili tofauti za kutokea na vituo viwili katika pande mbili tofauti, vikiwa vimechaguliwa kabla.

Katika mazoezi, msifanye zoezi la tishio moja. Katikati ya zoezi la mafuriko, msimamizi atangaze kwamba daraja limeanguka na mnara wa simu umezimika, kisha muone nani bado anajua la kufanya.

Baada ya kila tukio la kweli, ndani ya siku tatu, rudini kwenye jedwali la hatua ya 3 na mjaze upya mstari wa tishio lililopita: miteremko ipi ina nyufa, matuta yapi ya mto yametitia, watu wangapi wako kwenye mahema na wapi, jenereta ipi imebaki na mafuta. Karatasi hiyo ifike kwa anayetoa tahadhari za mvua kabla ya wingu linalofuata.